Fundi anataka sosi kodi, naitoa wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Nina duka la vipuri vya pikipiki Kahama, kuna kijana alinifungia sistimu ya mauzo nikamlipa tukamalizana, sahivi yuko nje ya nchi na simu hapokei. Nataka kubadilisha maneno ya chini ya risiti maana nimehama fremu, na niongeze sehemu ya madeni. Fundi mwingine kasema bila sosi kodi hawezi, labda tuanze upya. Hiyo sosi kodi ndo nini? Sistimu nikiibonyeza inafunguka kwenye Chrome, juu imeandikwa localhost.

JIBU: Kaka yangu, hiyo localhost uliyoichomekea mwishoni ndo jibu lenyewe, maana yake sistimu inaendeshwa na kompyuta yako yenyewe, kwa hiyo inawezekana kabisa sosi kodi unayo humohumo dukani.

Sosi kodi ni yale maandishi anayoandika programa kuiambia kompyuta ifanye nini. Programu za .exe maandishi yake yanageuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine, wewe unapewa hiyo iliyogeuzwa tu, ukiifungua kwa Notepad unakuta herufi MZ mwanzoni (ni za Mark Zbikowski, injinia wa zamani wa Microsoft, mtu kajiwekea jina lake humo!) halafu vikorokoro mpaka chini. Ingekuwa hivyo fundi wako angekuwa na hoja.

Ila sistimu za localhost nyingi zimeandikwa kwa PHP, lugha mojawapo ya kuandikia programu, na PHP inasomwa vilevile ilivyoandikwa kila unapoifungua, kwa hiyo maandishi lazima yawepo kwenye mashine. Ingia C, tafuta folda ya xampp (programu inayoendesha hizo PHP kwenye kompyuta), ndani yake htdocs, hapo utaona folda ya sistimu yako na mafaili yanayoishia na .php. Kopi folda nzima kwenye flashi kwanza, tafadhali sana, ndo uguse kitu. Fungua faili la risiti kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F utafute maneno yako, utakutana na kitu kama echo "Bidhaa ikiuzwa hairudishwi"; hivi. Badilisha yaliyo katikati ya alama za kunukuu tu, hiyo nukta-mkato (;) ya mwisho usiiguse, seivu, chapa risiti uone. Ukikuta mavurugu yasiyosomeka basi kijana kayafunga makusudi, hapo itabidi umtafute tu.

Madeni mwachie fundi. Mauzo yako lakini hayapo kwenye hiyo folda, yapo kwenye database, yaani ghala la kumbukumbu, kwa hiyo mwambie ayatoe kwa phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hiyo database, ayaweke na yenyewe kwenye flashi.

Halafu kuwa nayo sio kuimiliki. Programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, kwa hiyo kama hamkuandikiana usije ukamuuzia jirani mwenye duka. Sio kama OpenMRS, ile ya rekodi za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, 2006, ile kodi yake iko wazi na leseni inaruhusu yeyote aichukue aibadilishe.

Na huyo fundi muulize, kabla ya kukwambia muanze upya, hiyo htdocs aliifungua?