Kulinganisha mikroRNA za ubongo wa panya na binadamu: usihesabu siku za mimba

Ukiona mikroRNA (RNA fupi inayodhibiti jeni) imejaa kwenye ubongo wa kiinitete cha panya lakini ni haba kwa binadamu, usikimbilie kusema ni mageuzi. Mara nyingi kilichotofautiana ni hatua ya ukuaji tu. Gamba la ubongo wa panya huzalisha nyuroni (seli za neva) zake kati ya siku ya 11 na ya 17 hivi ya mimba. Kwa binadamu kazi hiyo huchukua miezi. MikroRNA iitwayo miR-124 hupanda seli inapogeuka kuwa nyuroni, kwa hiyo linganisha seli mama (zinazozaa nyuroni) na seli mama, nyuroni changa na nyuroni changa.

Kabla ya kuchora grafu yoyote, tazama namba mbili. miR-451a ikiwa juu, umepima damu: hiyo ni ya chembe nyekundu. miR-204 ikiwa juu mno, huenda kipande cha pleksasi ya koroidi (tishu inayotengeneza maji ya ubongo) kimeingia kwenye sampuli.

Kwenye uchujaji wa RNA kutoka kwenye sampuli ndiko wengi hupoteza mali. MikroRNA ina nyukleotidi (herufi za RNA) 22 hivi, na safu za kawaida za kuchujia hushika RNA ndefu, fupi zikaondoka na maji ya kuoshea. Ongeza ethanoli safi ujazo 1.5 kwa kila ujazo 1 wa myeyusho. Kisha RNA huungwa adapta (vipande vya kushikia ili mashine isome mfuatano) na kutenganishwa kwa urefu kwenye jeli. Ukifika hapo, mstari unaoutaka umepishana kwa besi 22 tu na ule wa adapta zilizoungana zenyewe. Kata mwembamba, la sivyo utalipia kusoma adapta tupu.

Kimeng'enya cha kuunga adapta nacho kina upendeleo. Usiseme miR-9 imeizidi miR-124 ndani ya sampuli moja. Pima miR-9 dhidi ya miR-9. Na kama herufi ya mwisho inatofautiana kati ya spishi, hata hapo thibitisha kwa njia nyingine.

Umepata mikroRNA "mpya"? Dai mikono yote miwili ya mkunjo (RNA iliyojikunja ambamo mikroRNA hukatwa), ncha ya 3' iliyochomoza nyukleotidi 2, na ncha ya 5' isiyoyumba. Ncha hiyo ikisogea nafasi moja tu, mbegu (nyukleotidi ya 2 hadi 8, sehemu inayotambua jeni lengwa) hubadilika, na jeni zinazolengwa nazo hubadilika.

Mfuatano kufanana si kazi kufanana. miR-124 ya mnyoo C. elegans karibu ni ileile ya binadamu, lakini mnyoo asiyekuwa nayo huishi vizuri tu. Panya aliyeondolewa jeni kuu moja ya miR-124 huwa na ubongo mdogo.