Futari, daku na vidonge vya sukari

SWALI: Assalamu alaykum. Mama yangu ana miaka 61 na ana ugonjwa wa sukari. Anameza metformini na glibenklamaidi, asubuhi na jioni. Ramadhani iliyopita alifunga. Alasiri akawa anatetemeka na kutokwa jasho, na usiku sukari inapanda hadi 18 (mmol/L). Tumkataze kufunga?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu salamu. Kabla ya kumkataza, tazameni kile kidonge cha pili, kisha sinia ya futari.

Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi ndiyo inayolisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, tumbo liwe na kitu au lisiwe nacho, na nguvu yake hukaa saa nyingi. Akiimeza daku, alasiri bado inafanya kazi na chakula kimeshakwisha. Mpelekeni kliniki tangu mwezi wa Rajabu, na vidonge vyote mkononi. Mara nyingi daktari huhamishia dozi ya asubuhi kwenye futari, ile ya jioni huiweka daku ikiwa nusu, au hubadilisha dawa yenyewe. Metformini ya mara mbili kwa kawaida haiguswi. Msijipangie nyumbani.

Sasa hiyo 18 ya usiku. Wengi huilaumu nazi bure: inaongeza mafuta na uzito, ndiyo, na tui jepesi ni bora kuliko kasimile, lakini kinachopandisha sukari ni wanga ulioogelea ndani yake. Muhogo wa nazi, ndizi, tambi, kaimati, mkate wa kumimina, vyote ni wanga, na vingine vina sukari juu yake. Achague kimoja, kiasi cha ngumi yake, kisha ajaze samaki na mchicha. Kwenye sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani, kwa hiyo amegewe fungu lake upande wake mapema, ale na wenzake bila kutengwa. Tende moja au mbili na maji zinatosha kufungulia; juisi ya sukari aiache. Daku asiiruke, na aile karibu na alfajiri.

Apime saa kumi alasiri, na tena zikipita saa mbili tangu futari. Tone la damu kidoleni halifunguzi, ndivyo wasemavyo masheikh wengi. Ikiwa chini ya 3.9 afungue papo hapo, hata kama adhana imebaki dakika tano: vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Ikizidi 16.6 pia afungue, anywe maji na aonwe na daktari.

Ikiwa figo zake zimedhoofika, au kushuka kwa sukari kulimwangusha vibaya ndani ya miezi mitatu iliyopita, kufunga ni hatari kwake. Hapo mzungumze na sheikh wenu kuhusu fidia ya kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara.