Mzaliwa wa Nakuru, Chungu cha Siaya

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilizaliwa Nakuru, mtaa wa Langa Langa. Wazazi walitoka Siaya. Sasa niko Kisumu, nafinyanga vyungu kwa mkono kama nyanya alivyonifundisha kila likizo ya Desemba. Nataka kuvifanyia maonyesho. Wazee wanasema ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Wenzangu wanauliza: Mjaluo anayebabaisha Kijaluo ataonyesha utamaduni wa nani? Niache?
Kijana wa Nyalenda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache.

Wazee hawajakudanganya: kwa Wajaluo, vyungu vilikuwa mikononi mwa wanawake. Nyanya yako alilijua hilo kuwashinda, na bado alikuketisha akakufundisha. Ruhusa umeshapewa.

Wenzako ndio walioniudhi. Mtazame mfinyanzi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, utotoni akaishi India pia, na mwaka 1971 akahamia Uingereza. Kujenga chungu kwa mkono, bila gurudumu, alijifunza Abuja ya zamani (sasa Suleja), Nigeria, kwa akina mama wafinyanzi, Ladi Kwali miongoni mwao. Kisha akaenda New Mexico, Marekani, kuona vyungu vyeusi vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko. Safari hizo zote zimo katika mitungi yake. Huisugua hadi ing'ae, bila kuipaka glezi, ule utandu wa kioo. Moto wa kwanza huitoa na wekundu wa machungwa; akitaka weusi, huichoma tena akiunyima moto hewa. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha heshima cha Dame. Mkenya huyo alivuka bara kufuata walimu. Wewe wako ni nyanya yako mzazi!

Na Nakuru usiione haya. Ukienda kuwasalimu wazazi, pitia eneo la kale la Hyrax Hill, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey kuanzia 1937. Kumepatikana vigae vya vyungu vya watu walioishi hapo zamani sana, kabla ya haya makabila tunayogombania. Ulikulia karibu na wafinyanzi wa kale, nalo hilo ni lako.

Naomba tu usichore nakshi za kubuni ukaziita za mababu. Kando ya kila chungu andika udongo ulichimbwa wapi na nani alikufundisha. Tenga meza ya vyungu vya nyanya, jina lake likiwa kubwa sawa na lako. Wala visiuzwe kwa bei ya sokoni huku vyako vikiuzwa kwa bei ya maonyesho.