Kwa unayeanza kazi ya kuzuia VVU kwa wanawake wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini walioko Marekani

Kosa kubwa la anayeanza ni kutafsiri kijitabu cha Kiingereza kwa Kihispania, kisha kuona kazi imekwisha. Maneno yote yanaweza kuwa sahihi na swali likawa bovu. Mwanamke kutoka Honduras ameketi mbele yako, unamuuliza «¿Se cuida?» (unajitunza?) ukimaanisha kama anajikinga na maambukizi. Anajibu ndiyo, wala hadanganyi. Kwake neno hilo ni uzazi wa mpango: ana kitanzi, au amefunga kizazi. Wewe unaandika «anajikinga» kwenye fomu, naye anaondoka bila kupimwa. Uliza waziwazi: mnatumia kondomu? Kila mara, au siku nyingine tu? Na ukizungumzia vidonge sema «tomar» (kumeza). «Coger», ambalo Mkuba hulitumia kwa maana ya kuchukua, kwa Mmeksiko ni neno chafu la kitandani.

Usidhani pia kwamba kila aliyetoka Guatemala anajua Kihispania vizuri. Wapo ambao lugha yao ni Kimam, K'iche' au Q'anjob'al. Tafuta mkalimani, hata wa simu. Usimtumie mtoto wake, wala mume.

Swali la «una wapenzi wangapi» lisiwe la kwanza. Wengi wa wanawake hawa wanaopata VVU huambukizwa na mwanamume, na mwanamume huyo anaweza kuwa mume wa ndoa. Ukimuuliza mke mwaminifu idadi ya wapenzi, umemvunjia heshima, na papo hapo umemfanya aamini kwamba kuwa na mmoja kunatosha. Anza kwa kumweleza kuwa kipimo ni cha kila mtu: mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unataka kila mwenye miaka 13 hadi 64 apimwe angalau mara moja. Mwite «señora» au «doña» (bibi), tumia «usted» (wewe ya heshima), muulize habari za watoto kabla ya habari za mwili. Aliyelelewa kwa shikamoo atalielewa hili haraka.

Vikundi vidogo vinavyoongozwa na wanawake wa jamii yenyewe hufanya kazi vizuri kuliko mihadhara. Mpango wa SEPA, wa vikundi vya aina hii, ulioanzishwa na Nilda Peragallo Norton na wenzake, ulijaribiwa Chicago na baadaye kusini mwa Florida. Kule Florida ulikuwa na vikao vitano vya saa mbili, na ukatili wa nyumbani ulikuwa sehemu ya somo. Panga saa baada ya kazi, weka mtu wa kuwaangalia watoto, weka chakula. Bila hayo, kikao cha pili viti vitakuwa vitupu.

Kondomu wazishike kwa mikono yao kwenye mfano wa uume: kusoma tarehe, kufungua kwa vidole si kwa meno, kubana ncha, kukunjua hadi chini, kushika shina wakati wa kutoa. Wasipake mafuta ya kula wala losheni ya mafuta, maana mpira huchanika. Kisha waigize mazungumzo na mwenzi, kila mmoja kwa maneno yake. Hoja ya afya ya familia hupokelewa kwa urahisi kuliko hoja ya kushukiana.

Lakini kama nyumbani kuna kipigo, usimsukume kamwe akadai kondomu. Hapo dawa kinga, PrEP, anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, ndiyo msaada wa kweli, kwa kuwa uamuzi ni wake peke yake. Kidonge cha kila siku huhitaji takriban siku 21 kufikia kinga kamili ukeni, na Descovy, aina mojawapo ya kidonge hicho, haijaidhinishwa kwa njia hiyo. Ipo pia sindano ya kila miezi miwili, na tangu 2025 ya kila miezi sita, ambazo haziachi chupa ya vidonge kabatini. Kabla ya zote, apimwe VVU. Kwa kidonge, apimwe figo na homa ya ini B pia. Aliyejihatarisha jana apewe PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, ndani ya saa 72, ameze siku 28.

Jibu la «hakuna» lielezwe pamoja na muda wake: kipimo cha maabara cha antijeni na kingamwili huhitaji siku 18 hadi 45 tangu tukio, cha haraka cha kidole hadi 90.

Woga wa uhamiaji utauona machoni. Mwambie kwamba tangu Januari 2010 VVU si kizuizi tena cha kuingia Marekani, wengi hawajasikia. Kuhusu malipo, piga simu kliniki kwanza ndipo uahidi. Masharti hubadilika, na ahadi moja iliyovunjika husambaa mtaa mzima kabla ya jioni.

Kabla hajaondoka, muulize simu ni ya nani, nani hufungua barua, na kama bima hutuma taarifa ya matibabu kwa jina la mume. Mkubaliane ujumbe utasemaje: «miadi yako ni Jumanne» inatosha, bila jina la kliniki wala la dawa.