Barua kwa mwanangu: chumvi iliyobaki nyeupe

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni afadhali, sasa ukiwa na ujauzito wa miezi minne, uache chumvi ya pakiti na utumie ile ya mawe inayouzwa sokoni hapo kwenu Dar es Salaam kwa jina la chumvi ya asili, ambayo muuzaji anasema imetoka baharini moja kwa moja na haina kemikali. Nilikaa na swali lako siku tatu, kwa sababu kila nilipotaka kulijibu nilijikuta nimerudi dukani kwetu Makete, mwaka 1998, siku uliyorudi kutoka shuleni ukilia.

Nadhani unaikumbuka, ingawa hatujawahi kuizungumza. Mwalimu aliwaagiza kila mtoto aje na chumvi kidogo ya nyumbani kwao, na wewe, uliyekuwa na miaka saba, ukachota dukani kwa fahari kwa sababu ulikuwa mtoto wa mwenye duka. Mtaalamu wa afya akadondoshea kila chumvi tone moja la dawa. Za wenzako kadhaa ziligeuka rangi ya zambarau. Yako ilibaki nyeupe, na za watoto wote ambao wazazi wao walinunua kwangu zikabaki nyeupe vilevile. Uliniambia mbele ya wateja: "Baba, chumvi yetu haina kitu." Nimesikia maneno mengi magumu katika biashara, lakini hakuna lililonikaa kama hilo.

Kitu kilichokosekana ni madini joto, yaani ayodini. Mwili wa mwanadamu ni fundi hodari, unaweza kugeuza ugali kuwa mafuta na kuyahifadhi, lakini yapo mambo ambayo hauwezi kuyaunda hata ukishiba kila siku: chuma cha damu, vitamini A ya macho, zinki na madini joto. Hayo sharti yaletwe kutoka nje, kwa chakula. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, na mama mjamzito kama 250. Nimewahi kupiga hesabu hiyo kwa kalamu: kwa miaka sabini haifiki gramu nne, wala haijazi kijiko cha chai. Ndiyo maana nimekuwa nikikwambia tangu utoto wako kwamba uchache wa kitu si udogo wa kazi yake, na utanivumilia nikilirudia.

Kazi yenyewe inafanyika katika ile tezi iliyopo shingoni, mbele ya koo. Inanasa madini joto kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani, moyo upige vipi, mtoto arefuke vipi, na zaidi ya yote ubongo wake ukue vipi. Yakikosekana, tezi hujitanua mwaka hadi mwaka ikijitahidi kunasa kila chembe inayopita, na hilo ndilo rovu uliloliona shingoni kwa bibi yako na kwa shangazi yako, ambalo sisi tulikua tukidhani ni la ukoo kama vile pua au kimo. Halikuwa la ukoo. Lilikuwa la udongo. Mvua za milima yetu zimeosha madini joto kwa karne nyingi na kuyapeleka mabondeni hadi baharini, kwa hiyo viazi vyetu, mahindi yetu na maharage yetu, vizuri na vinene kama unavyovijua, havikuwa nayo ya kutosha, na hata usipa kutoka Ziwa Nyasa hawana mengi kama samaki wa baharini. Tulikuwa tunashiba, na bado tulikuwa tunapungukiwa.

Miaka ya mwisho ya 1980 walikuja wataalamu na vidonge vya mafuta yenye madini joto. Kimoja kilimtosha mtu mwaka mzima na zaidi. Mama yako alimeza kimoja kabla hujazaliwa, na kila nilipoona ripoti zako za shule nilikikumbuka kidonge kile. Baadaye ikaja sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto, kwa kuwa chumvi ndicho kitu kinachoingia katika chungu cha tajiri na cha maskini kila siku, na kwa kiasi kisichopishana sana.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Je, nilijua? Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba sikujua, kwamba gunia la chumvi ya mawe nililinunua kwa mfanyabiashara wa jumla kama kila mwenye duka alivyofanya, na kwamba wateja wangu walitaka ya kikombe kwa sababu fedha ya pakiti nzima hawakuwa nayo. Yote hayo ni kweli. Lakini tangazo la sheria hiyo lilikuwa limebandikwa zahanati, nami nilipita pale kila Jumapili. Tena gunia lenyewe niliweka barazani, wazi, kwenye jua na ukungu, kiasi kwamba hata kama lingekuwa limetiwa madini joto, mengi yangepotea kabla halijafika nusu. Na baada ya siku ile uliyolia, mwanangu, niliagiza chumvi ya pakiti, ndiyo, ila lile nusu gunia lililobaki sikulimwaga. Niliendelea kulipima kikombe kwa kikombe mpaka likaisha, nikisema moyoni kwamba wiki chache haziwezi kumdhuru mtu. Labda haziwezi kumdhuru mtu mzima. Kwa mwanamke mwenye ujauzito wa miezi miwili sina uhakika huo, kwa sababu katika miezi ile ya mwanzo mtoto hana homoni zake mwenyewe, anaishi kwa zile za mama, na ubongo unaojengwa kwa upungufu haujengwi upya baadaye. Rovu changa linaweza kupungua mtu akipata madini joto. Hasara ya tumboni hairudi. Uchache wa kitu si udogo wa kazi yake, na mimi niliyekuwa nikikufundisha maneno hayo niliuza lile nusu gunia.

Kwa hiyo swali lako linajibiwa hivi. Kutoka baharini si hoja: maji ya bahari yakikauka juani, madini joto yanayobaki ndani ya chumvi ni kidogo mno, mpaka mtu ayatie. Tumia ya pakiti iliyoandikwa kuwa imetiwa madini joto, uihifadhi katika chombo chenye kifuniko mbali na moshi na mvuke, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Usiizidishe kwa kudhani unamwongezea mtoto; Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi yote ya siku isifike gramu 5, na presha ya ujauzito si jambo la kuchezea. Ninyi huko pwani mna samaki wa baharini, kuleni. Na vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki uvimeze, usivinywe na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kisiingie mwilini.

Umeuliza pia, mwisho kabisa wa barua yako, kama ni upungufu huo wa madini joto uliompata binamu yako. Alizaliwa mwaka 1983, shangazi yako akiwa na rovu kubwa kuliko sasa, hasikii vizuri hadi leo na hakuweza kuvuka darasa la pili. Nimetaka mara nyingi kusema ndiyo, maana kila nilichosoma kinaelekea huko. Kisha nakumbuka kwamba akiwa na miezi mitano alipata degedege kali usiku kucha, na daktari aliyemwona alipokuwa kijana alisema hawezi kutenganisha hili na lile. Basi mimi ni nani nitenganishe? Ila nikimwangalia mama yake, mkono wake ukiwa shingoni, naona uamuzi unanijia mdomoni, na ninaumeza kwa shida.

Kila akija dukani huishika ile pakiti, huigeuza, na kuniuliza kama chumvi hii ilikuwepo mwaka ule. Namjibu: "Haikuwepo, dada." Hapo hunyamaza, halafu huuliza kama basi kukosekana kwake ndiko kulikomdhuru mwanawe. Hilo bado sijamjibu.

Baba yako