Fielder ya 2004 au Premio ya 2010?

SWALI: Salaam kwenu mafundi. Naishi Ihumwa na kila siku naenda kazini Mtumba kwa lami. Msimu wa zabibu naenda shamba Hombolo mara mbili kwa wiki, narudi na kreti 10 za kilo 20 kila moja. Nimeonyeshwa Toyota Fielder (wagoni) ya 2004 na Toyota Premio (saluni) ya 2010, zote cc 1,500, otomatiki, na bei zimepishana kidogo tu. Ndugu zangu wanasema gari jipya ndilo gari. Nichukue lipi?
Msomaji, Ihumwa

JIBU: Ndugu yetu, chukua Fielder, ilimradi ipite ukaguzi. Mwaka kwenye kadi usikutishe: injini ni ileile kwa magari yote mawili, 1NZ-FE, ya cheni ya taimingi (inayozungusha vali kwa wakati wake), wala haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Oili ni lita 3.7 pamoja na filta.

Tofauti kubwa iko kwenye giaboksi. Fielder hiyo ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Premio ina CVT, yaani mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili kwa presha ya mafuta ya giaboksi. Kwenye lami ya Mtumba inateleza vizuri mno. Lakini ukikokota kilo 200 polepole kwenye mchanga, mafuta yale yanachemka na kupoteza nguvu mapema. Tena kama mwenye gari wa kwanza aliweka ATF (mafuta ya otomatiki ya kawaida) badala ya mafuta ya CVT, mkanda huteleza na kukwaruza puli, na hapo wengi huishia kununua giaboksi nzima ya mtumba. Buti la Premio nalo mdomo wake ni mdogo. Kreti za kupangwa juu ya nyingine hazipiti.

Kwa usalama na utulivu wa safari ndefu, Premio iko mbele, hilo hatulifichi. Ila wewe unabeba zabibu.

Sasa kagua. Hakikisha kwanza kadi inasema cc 1,500 kweli. Fielder za cc 1,800 za miaka ile (1ZZ-FE) zinajulikana kula oili, kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo na ringi hukwama. Washa injini ikiwa baridi kabisa: cheni ikigonga zaidi ya sekunde chache, acha. Iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika 10, kisha kanyaga. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Pima kutoka katikati ya rimu ya nyuma hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Zikitofautiana sentimita 2 au zaidi, springi imechoka. Inua zulia la nyuma uangalie kutu penye tairi la akiba. Malizia kwa kupanda mlima wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) injini ikiwa ya moto. Gia zisichelewe kuingia.

Vumbi litakusumbua, maana mkia wa wagoni hulivuta ndani. Badilisha mpira wa mlango wa nyuma uliokauka, funga vioo vyote, na feni uiweke kwenye hewa ya nje, siyo ya mzunguko, ili presha ya ndani ilisukume vumbi nje. Filta ya hewa ikague kila kilomita 5,000, msimu wa kiangazi hata kabla.