Jibu: Spitfire Mk I kukata injini unaposukuma usukani mbele

Habari mkuu. Umeuliza kama injini ya Spitfire Mk I (toleo la kwanza la ndege hiyo ya kivita ya Uingereza) kukatika ghafla unapoinamisha pua kumfuata Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, ni kasoro ya gemu. Si kasoro, ndivyo ndege yenyewe ilivyokuwa.

Angalia kwanza tarehe ya misheni na toleo la ndege. Merlin za 1940, yaani injini za Spitfire, zilitumia kabureta ya boya (kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, chenye chemba ya mafuta inayodhibitiwa na boya). Ukisukuma usukani kwa nguvu, mafuta hurukia juu ya chemba, injini inakosa mafuta, kisha inafurika na kutoa moshi mweusi. Bf 109E ilipulizia mafuta moja kwa moja kwenye silinda, ndiyo maana inakuponyoka. Mwaka 1941 Beatrice Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alileta washa ndogo (kipande bapa cha chuma) yenye tundu iliyozuia mafuriko hayo. Kwa hiyo Mk I ya 1940 isiyokata ndiyo ya kulalamikia! Vilevile Mk IX, toleo la baadaye, yenye injini ya Merlin 66 ikikata hivyo, waandikie watengenezaji, maana kabureta yake ilikuwa ya shinikizo, si ya boya.

Mimi hupindua ndege tumbo juu kwanza, kisha navuta usukani. Uzito unabaki upande sahihi na injini haikohoi.